Nyumba ya Boko: ripoti mbaya, soketi za chini na bei ya milioni 165

Nyumba yenyewe iko Boko, Manispaa ya Kinondoni, ndani kidogo kutoka Barabara ya Bagamoyo. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule pana, jiko la ndani, kibaraza chenye nguzo nne, kiwanja cha mita za mraba 600 chenye hati. Bei iliyotangazwa ni shilingi milioni 165. Wauzaji ni warithi: mzee aliyejenga amefariki, watoto wako wanne, na mkubwa wao ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wanunuzi ni mume na mke, wote waajiriwa, wapangaji tangu waoane. Mwanzoni mwa 2025 benki ilikuwa imeshakubali kuwakopesha, wakili ameshafanya upekuzi wa hati, na mke ameshagawa vyumba. Kisha ikaja ripoti ya mhandisi.

Mimi ni mkadiriaji majengo, yaani mtu wa kuhesabu gharama za ujenzi, na mume ni rafiki yangu. Jioni ile ripoti ilipofika alinitumia yote, kurasa na picha, na chini yake akaandika, "Kaka, tununue au tukimbie?" Nakieleza kisa chao kwa ruhusa yao, majina nimeyaacha. Naona kina faida kwa yeyote aliyeshika ripoti ya namna hiyo mkononi, kwa sababu karibu kila kitu kilichowatisha kilikuwa na bei, na kile chenye uzito kuliko vyote hakikuandikwa kama tatizo.

Kwa nini kulikuwa na mhandisi

Dar es Salaam tunakagua karatasi kuliko kuta. Mnunuzi makini atamtafuta wakili, atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua kama nyumba imewekwa rehani au ina zuio, ataulizia deni la pango la ardhi, atakwenda serikali ya mtaa, ataomba ridhaa ya mwenza wa muuzaji iwe ya maandishi. Hayo ni mema na yafanywe. Jengo lenyewe, ambalo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya fedha, linatazamwa Jumapili mchana na shemeji anayejua ujenzi kidogo, siku mbili baada ya kupakwa rangi mpya.

Huyu rafiki yangu alikataa utaratibu huo. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, na yeye ni mmoja wa watu waliokaa siku zile wakifuatilia uokoaji kwenye simu. Tangu hapo akasema hatanunua ukuta wa mtu bila kumlipa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Alilipa milioni 1.2. Dalali alimcheka: "Bosi, hii nyumba ya chini, si ghorofa."

Ripoti ilisema nini

Ilisema mengi, na kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo ripoti za namna hii zinapomchanganya mtu asiye wa fani. Mhandisi ana wajibu wa kuandika kila alichokiona, na bomba la sinki linalovuja linapewa namba na picha sawasawa na nguzo iliyooza. Mume alihesabu namba, akaona ni nyingi, akakata tamaa. Mke alitazama picha, akasema hakuna nyumba Dar isiyo na ufa. Walikuwa wanabishana juu ya idadi, na idadi haikuwa na maana yoyote.

Nikiondoa vidogo, mambo yenyewe yalikuwa haya. Nyufa za mshazari chini ya madirisha mawili ya sebule, na ufa wa wima mahali ukuta wa kutenga sebule na chumba cha kulia unapokutana na ukuta mkuu. Nguzo za kibaraza zimepasuka kwa urefu, nondo zinaonekana zikiwa na kutu. Kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa juu ya jiko. Plasta ya ndani inababuka hadi kama sentimita 60 kutoka sakafuni, na unga mweupe wa chumvi unatoka. Umeme hauna waya wa ardhini unaofanya kazi, na soketi zimewekwa chini kinyume na desturi. Milango ya ndani ni mifupi na inakwaruza chini. Shimo la maji taka limejaa. Mwisho, ukuta wa fensi ya mbele unaonekana kutoka nje ya mpaka, na nyuma ya kiwanja kuna mkondo wa maji wa msimu.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililomkosesha mume usingizi. Aliyeishi Dar anajua maana ya herufi X nyekundu ukutani: nyumba itabomolewa. Mwaka 2017 tuliona nyumba za kutoka Kimara kwenda Kiluvya zikibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na wengine walikuwa na makaratasi yao kabatini.

Vilivyotisha bure

Nikaanza na mpaka na mkondo, kwa sababu hivyo vinaweza kuua ununuzi papo hapo na ni rahisi kuvipima. Mpima ardhi alikuja na ramani ya hati, akazitafuta bikoni, zile alama za mpaka. Tatu zilikuwepo, ya nne imezikwa chini ya kifusi. Fensi ya mbele kweli ilikuwa imeingia kwenye barabara ya mtaa kwa mita 1.8. Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya kiwanja kwa nafasi ya kutosha. Kwa hiyo tatizo ni ukuta wa kubomoa na kujenga upya, milioni 3.5 pamoja na geti. Kutoka ukingo wa mkondo hadi mpaka wa nyuma alipata mita 74. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe. Nyumba ilikuwa nje ya hizo. Kingo za mikondo ya Dar zinamomonyoka na mita 74 za leo si ahadi ya kudumu, lakini X haikuwa hatari ya karibu. Mpima alilipwa laki tano, na kwa maoni yangu ndizo laki tano zilizofanya kazi vizuri kuliko nyingine zote katika kisa hiki.

Halafu nyufa. Wahandisi wengi hutumia vipimo vilivyotoka Uingereza: ufa wa hadi milimita 1 ni wa kupuuzwa, hadi milimita 5 ni mdogo na unatengenezeka, kuanzia 5 hadi 15 ni wa wastani na unataka kufumua sehemu ya ukuta, zaidi ya hapo unaanza kuzungumza habari ya msingi. Nyufa za chini ya madirisha zilikuwa milimita 2. Ule wa wima ulikuwa milimita 4. Upana peke yake lakini hautoshi, kinachotakiwa ni kujua kama ufa unatembea. Njia ya mafundi ni ya zamani na bado ni nzuri: bandika kipande chembamba cha kioo kwa simenti juu ya ufa, andika tarehe, rudi baadaye. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Msimamizi wa mirathi aliruhusu tubandike vitatu. Hadi tunaachana na nyumba ile havikuwa vimevunjika, ingawa ilikuwa kiangazi, na kioo kinachotaka kuvunjika huwa kinangoja masika.

Nguzo za kibaraza zilikuwa mbaya kweli. Upepo wa bahari unafika pale, na aliyemwaga zege alizilaza nondo karibu na uso, zege la kuzifunika halikufika hata sentimita 2. Zege zima ni kali kama magadi na hali hiyo inailinda chuma. Hewa na chumvi zikipenya, ulinzi unaisha, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Mhandisi alikuwa amevunja kipande na kupulizia fenolftalini: zege zima hugeuka waridi, lililokufa linabaki na rangi yake. Pale halikugeuka hadi kwenye nondo. Kupiga plasta juu ya nguzo za hivyo ni kupoteza simenti. Ila nguzo zile zimebeba paa la kibaraza tu. Unakibomoa kibaraza, unakijenga upya, nyumba haiguswi. Milioni 9.5.

Kenchi, kubadilisha mbili na kupiga dawa zote, milioni 4.8 ukihesabu bati zitakazoharibika wakati wa kufungua. Nyufa, milioni 3.2. Umeme, milioni 2.5. Plasta ya ndani, kubandua hadi mita moja na kupiga upya, milioni 4. Mfumo mpya wa maji taka, milioni 8, nitarudi kwake. Ukijumlisha na fensi unapata milioni 35.5. Nikaongeza asilimia 15 ya tahadhari, kwa sababu nyumba ya zamani ukiifungua inakuonyesha mengine. Karibu milioni 41.

Mume alipoiona hesabu hiyo alitulia kidogo. Tatizo lenye bei linavumilika kuliko tatizo lenye picha.

Fedha ilikokuwa, na ambako haikuwa

Walikuwa na akiba ya milioni 70. Benki ilikuwa tayari kutoa milioni 100 kwa miaka 15, riba asilimia 15, yaani marejesho ya kama milioni 1.4 kila mwezi. Kwa bei ya 165 wangetoa 65 mfukoni. Ushuru wa stempu asilimia 1, wakili na usajili wa uhamisho vingemaliza kama milioni 4. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji, ila wauzaji wengi wa Dar hukuambia wanataka bei yao mkononi, safi, na mzigo unarudi kwako. Wangebaki na milioni 1 na nyumba inayotaka 41.

Mkopo ule wa benki ulikuwa kwa ajili ya bei ya nyumba. Haukuwa kwa ajili ya kenchi. Kwa hiyo swali la kupunguziwa bei lilikuwa na jibu lake la hesabu: wanahitaji kubaki na milioni 41 baada ya kulipa kila kitu, na hilo linawezekana bei ikiwa 125. Juu ya hapo wangehamia kwenye nyumba yenye kibaraza cha kuanguka na kuitengeneza kwa mishahara, huku wanalipa benki.

Kuna karatasi nyingine iliyowapa moyo bila sababu. Mthamini wa benki alisema nyumba ina thamani ya soko ya milioni 158, na ya kuuza kwa haraka milioni 118. Mke akauliza, kama benki imeona 158, mhandisi anatisha nini? Mthamini anajibu swali la benki: mkopo ukishindikana, tutapata kiasi gani mnadani? Analinganisha na nyumba zilizouzwa jirani, anatazama hati, anapiga picha. Hakuitwa kupanda darini, wala kuchungulia shimo la choo. Mtu anaweza kuwa na ripoti mbili za kweli kuhusu nyumba moja, na moja ikawa haimsaidii.

Kwa mawazo hayo wakapeleka ofa ya 125, pamoja na nakala ya ripoti. Warithi wakaja 150. Baada ya siku kadhaa, na simu kwa ndugu aliyeko Mwanza, wakashuka 142. Mazungumzo yalikuwa ya heshima na yangeweza kuendelea.

Soketi

Nilikuwa naandaa mchanganuo wa umeme. Mhandisi ameandika soketi ziko sentimita 14 kutoka sakafuni, zipandishwe. Kupandisha soketi ni kuchimba ukuta, kuhamisha boksi, kuvuta waya, kuziba, kupaka rangi, na mtu wa hesabu lazima ajue ni ngapi na ni kiasi gani. Nikaenda na futi yangu.

Soketi zote za nyumba nzima zilikuwa kwenye sentimita 14, kwa mstari ulionyooka. Fundi mbovu hakosei hivyo, kwani fundi mbovu huweka moja 25 na nyingine 40. Aliyeziweka hizi alikuwa makini. Nikapima swichi: sentimita 100, wakati wengi huziweka 120 au zaidi. Milango: 190, badala ya 210. Kingo za madirisha kwa ndani: 70, badala ya 90. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa pungufu kwa sentimita 20 zilezile.

Sakafu ilikuwa imepandishwa.

Mtu mmoja, wakati fulani, alimwaga kifusi na jamvi jipya, yaani zege la sakafu, juu ya lile la zamani, akaweka tailizi mpya nzuri, akakata milango chini, akaondoka. Milango haikuwa mifupi wala soketi hazikuwa chini. Na hapo ripoti nzima ikasomeka upya. Plasta inababuka kwa sababu kifusi kipya kimegusa kuta juu ya mahali ilipokuwa nailoni ya kuzuia unyevu, na maji ya ardhini yamepata njia ya kupanda. Kifusi na zege la sentimita 20 lina uzito wa kama kilo 400 kwa kila mita ya mraba, na sebule yenye mita 30 za mraba imebebeshwa tani 12 ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya mjenzi. Ukuta wa kutenga umejengwa juu ya jamvi, hauna msingi wake, kwa hiyo jamvi lilipokaa ukuta nao ukashuka, ukaachana na ukuta mkuu. Daktari angesema ni dalili tano za ugonjwa mmoja. Mhandisi alikuwa ameziandika kila moja kwenye sura yake: umeme, milango, plasta, nyufa, maji taka. Simlaumu, alifuata fomu yake, na asingepima soketi tusingejua kitu.

Hakuna anayepandisha sakafu ya nyumba nzima kwa urembo. Gharama yake ni kubwa na unapoteza urefu wa chumba. Mtu hufanya hivyo baada ya kutoa maji kwa ndoo.

Maji

Boko ina sehemu za bonde ambako maji ya masika hutuama, na nyumba hii iko kwenye mojawapo. Tulichimba shimo nyuma ya jiko. Ilikuwa Februari, jua kali, majani ya barabarani yamekauka. Maji yalipatikana kwenye mita 1.1. Kama Februari maji yako hapo, Aprili yatakuwa wapi? Ndiyo maana shimo la maji taka lilikuwa limejaa katika nyumba isiyo na mtu: lilikuwa limejaa maji ya ardhini. Unaita gari la kunyonya, linaondoka, na kesho yake shimo limejaa tena. Ule mfumo wa milioni 8 niliouhesabu ni wa kuinua tangi na kupeleka maji kwenye kilima cha mchanga juu ya usawa wa ardhi. Unafanya kazi, lakini unakula robo ya uwanja na unataka pampu, na pampu inataka umeme siku ya mvua, siku ambayo umeme wa Dar hupenda kukatika.

Kisha tukaenda kwa jirani wa kushoto. Mama mtu mzima, mwenyeji wa siku nyingi. Tukampa shikamoo, tukakaa, tukanywa maji, tukaeleza shida yetu. Hakuzunguka. Akatupeleka kwenye ukuta wa nje wa banda lake akatuonyesha mstari wa tope uliobaki kutoka mvua za El Niño za 2023/24. "Hapa tunaishi, wanangu, siwatishi," akasema. "Ila friji langu liko juu ya matofali."

Tulichukua mpira wa maji, ule mafundi wanaotumia kusawazisha kozi za matofali, tukauhamisha mstari wa mama jirani kupitia juu ya fensi hadi kwenye mlango wa sebule. Mstari ulitua sentimita 11 juu ya tailizi mpya. Maana yake, hata baada ya kupandishwa sentimita 20, sakafu ile ingeingia maji kwa mvua kama zile. Kuipandisha tena haiwezekani, dari ingekuwa kichwani.

Dalali alikuwa na jibu. Mitaro inakuja, akasema, mradi wa DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya jiji, utafika mtaa huu. Mradi huo upo kweli, na umejenga barabara na mitaro katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Mume alikwenda manispaa kuuliza, na hakupata wa kumwonyesha mtaa ule kwenye ramani yoyote ya kazi. Binafsi huwa simhesabii mtu mtaro ambao haujachimbwa. Tena lami inapokuja huwa inakuja juu: tuta linainuliwa, na nyumba iliyokuwa sawa na barabara inabaki shimoni. Nyumba hii tayari ilikuwa chini ya barabara ya vumbi.

Sentensi moja kwenye mkataba

Hapo mjadala wa 142 au 125 ulikuwa umekwisha maana. Kibaraza ni cha muuzaji na mnunuzi, mnaweza kugawana gharama yake kwenye bei. Bonde ni la mtaa mzima, na mwenye kiwanja kimoja hana pa kuyapeleka maji isipokuwa kwa jirani.

Hatukutaka kuwatuhumu warithi. Inawezekana mzee alipandisha sakafu watoto wakiwa mikoani, wakajua kwamba baba amebadilisha tailizi tu. Wakili akashauri njia ya adabu: mkataba uongezwe sentensi moja, kwamba muuzaji anathibitisha maji ya mvua hayajawahi kuingia ndani ya nyumba kwa kadiri anavyojua, na ikionekana vinginevyo mnunuzi ana haki ya kudai. Msimamizi aliisoma, akaomba muda, akarudi na kusema hawezi kusaini kwa niaba ya ndugu zake kitu kama hicho. Yuko tayari kuuza nyumba "kama ilivyo". Alikuwa mtu mwaminifu, naamini. Asiye mwaminifu angesaini.

Pendekezo la mwisho lilikuwa la kungoja. Wanunuzi wangeweka milioni 5 kwa wakili, masika yapite, na mwezi Juni, kama maji hayajaingia, wakamilishe kwa 142, kama yameingia warudishiwe fedha na kila mtu ashike njia yake. Mimi nilijua milioni 142 bado ni nyingi hata kama masika moja lingepita salama, nikawaambia hivyo. Lakini mke alilitaka pendekezo hilo liende, na ilikuwa haki yake. Warithi walikataa. Kulikuwa na mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu, alisema dalali, na safari hii ilikuwa kweli: nyumba iliuzwa mwezi Machi, kabla mvua hazijachanganya.

Walichopoteza ni milioni 2.7: mhandisi, mpima, mthamini, wakili. Mume anaiita fedha ya wokovu. Mke haipendi kauli hiyo.

Na hoja za mke si za kupuuza, kwa hiyo niziweke hapa kama alivyoniambia. Kodi yao ni laki sita kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka, na hairudi. Mama jirani anaishi pale, amesomesha watoto pale, na mvua kama zile za El Niño haziji kila mwaka. Watu wengi wa Dar walioko kwenye nyumba zao leo wangengoja kiwanja kisicho na kasoro wangekuwa bado wanapanga. "Shemeji," aliniambia, "wewe unapima hatari ya kununua, hatari ya kutonunua hujaipima."

Nikaipima. Kiwanja kikavu cha ukubwa ule, mitaa miwili kutoka pale, kilikuwa kimeuzwa milioni 60. Hiki ni cha maji, sema 45. Juu yake kuna kuta nzuri, paa ambalo sehemu kubwa ni zima, madirisha, kisima, fensi ya pande tatu. Vyote hivyo vina thamani kwa mtu aliyekubali kwamba siku moja atajenga upya kwenye msingi wa juu na nyumba hii itakuwa ya wafanyakazi na stoo. Nikafika milioni 90. Kwa bei hiyo wangekopa 50 tu, marejesho kama laki saba kwa mwezi, karibu sawa na kodi wanayolipa, na akiba ya kama milioni 26 ingebaki ya kuanzia msingi mpya. Tena wangeingia wakijua wananunua nini.

Kwa 90 ningemwambia asaini. Warithi hawakushuka chini ya 142, na mke bado anasema tungewauliza.